Nyota Begani: Kijana wa Nakivale na Masharti Mawili ya Katiba

Jeshi la Uganda, UPDF, likitangaza nafasi za makuruta au za ofisa kadeti, habari haikai Mbarara. Inashuka na abiria hadi Kabingo, makao ya wilaya ya Isingiro, na kutoka hapo inaingia Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1960, ambako leo wanaishi watu zaidi ya laki moja na nusu kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Masharti yanajulikana karibu kwa moyo. Mwombaji awe raia wa Uganda mwenye kitambulisho cha taifa. Awe na umri uliotajwa, vyeti vya shule na afya njema. Asiwe na rekodi ya jinai. Awe na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji chake, iliyothibitishwa ngazi kwa ngazi hadi kwa ofisa usalama wa ndani wa wilaya, ambaye watu wote humwita DISO.

Kijana wa Nakivale anayesikia masharti hayo huenda alizaliwa hapohapo katika makazi, miaka ishirini iliyopita. Amesoma shule ya msingi kwa mpango uleule wa elimu ya msingi kwa wote, UPE, uliomsomesha mtoto wa Mbarara. Amefanya mtihani wa kidato cha nne, UCE, unaotungwa na UNEB, baraza la mitihani la Uganda. Ameimba wimbo wa taifa wa Uganda tangu akiwa darasa la kwanza. Kiswahili, lugha iliyozoeleka katika kambi za jeshi la nchi hiyo tangu enzi za ukoloni, ndiyo lugha ya nyumbani kwake kama wazazi wake walitoka Kivu, mashariki mwa Kongo. Sharti la kwanza linamtoa kwenye mstari kabla hajaulizwa jina.

Ninaamini sharti hilo ni halali. Jeshi ni la wananchi, na anayelimwagia damu yake lazima awe mmoja wao. Lakini ninaamini pia kwamba nchi inayodai uraia kutoka kwa mtu aliyezaliwa na kukulia mikononi mwake inawajibika kumwonyesha njia ya kuupata. Historia ya eneo hili, kutoka kambi ya jeshi ya Mbarara hadi vilima vya Isingiro, imeshatuonyesha mara mbili gharama ya kuliendea jambo hili kombo.

Barua inayopanda ngazi

Ibara ya 208 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataka wanajeshi wa UPDF wawe raia wa Uganda wenye tabia njema. Ni masharti mawili katika sentensi moja, na upekuzi wote wa usalama unaomkabili mtu anayetaka kuwa ofisa ni juhudi ya kuyathibitisha hayo mawili.

Upekuzi huo huanzia kijijini. Mwenyekiti wa LC1 anatarajiwa kuwajua watu wake: huyu ni mtoto wa nani, alikua wapi, aliwahi kushikwa na mali ya mtu, ana ugomvi gani na majirani. Barua yake hupanda hadi gombolola, yaani kata, ambako yuko ofisa usalama wa ngazi hiyo, kisha kwa DISO, ambaye ni mtumishi wa Shirika la Usalama wa Ndani lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1987. Siku ya usaili vyeti hukaguliwa, waombaji hukimbizwa, madaktari hupima. Anayechaguliwa kuwa kadeti huenda katika Chuo cha Kijeshi cha Kabamba, na akihitimu hupewa kamisheni na Rais akiwa Amiri Jeshi Mkuu, akatoka na nyota ya luteni wa pili.

Ofisa huchunguzwa zaidi kuliko askari wa kawaida, na sababu iko wazi. Askari hubeba bunduki yake. Ofisa hubeba bunduki za wenzake thelathini, pamoja na ramani, masafa ya redio, orodha ya majina na funguo za ghala. Anajua kikosi kitapita wapi kesho. Mtu wa namna hiyo akiyumba, wanaokufa ni wale waliomwamini. Kwa hiyo popote duniani wapekuzi huuliza mambo yaleyale: unatoka wapi, nani anakujua, unadaiwa na nani, nani ana uwezo wa kukushinikiza, na umewahi kudanganya nini.

Nakivale nako kuna ngazi. Wakimbizi huchagua mabaraza yao, RWC1, RWC2 na RWC3, yaliyopangwa kwa mfano uleule wa mabaraza ya LC. Mwenyekiti wa RWC1 husuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba, huandika barua za utambulisho, hujua nani mlevi na nani mchapakazi. Juu yao yuko mkuu wa makazi, ofisa wa Ofisi ya Waziri Mkuu, ambaye wakimbizi wenyewe humwita kamandanti. Ngazi hizi mbili zimesimama sambamba katika wilaya moja, lakini barua ya RWC haipandi hadi kwenye jalada la kadeti.

Na hapa ndipo jambo linapostaajabisha. Mwaka 2018 serikali ya Uganda na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, walihakiki wakimbizi nchi nzima kwa alama za vidole na picha za mboni za macho. Mkimbizi wa Nakivale ana faili linaloonyesha aliingia lini, kupitia mpaka upi, na nani, amezaa watoto wangapi, anaishi kitongoji gani. Raia wa kawaida katika vijiji vingi vya nchi hii hana kumbukumbu nene kiasi hicho. Mpekuzi akitaka kumjua kijana aliyekulia Base Camp, Juru au Rubondo, ndani ya Nakivale, habari anazo serikalini. Kinachokosekana ni hadhi ya kisheria inayoruhusu zisomwe.

Tabia njema: somo la kwanza

Kabla hatujalaumu ugumu wa masharti, tukumbuke Uganda iliwahi kulegeza nini.

Mwaka 1961, Uhuru ukiwa umekaribia, Waingereza walikuwa na haraka ya kupata maofisa Waafrika. Wawili wa kwanza wa Uganda kupewa kamisheni walikuwa Shaban Opolot na Idi Amin. Amin alikuwa amejiunga na King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, mwaka 1946 kama msaidizi wa jikoni, akapanda kwa nguvu za mwili, masumbwi na utii kwa wakubwa wake. Mapema mwaka 1962 kikosi chake kilipelekwa upande wa Turkana, Kenya, kukomesha wizi wa mifugo. Baadaye wafugaji walikutwa wameuawa, na uchunguzi ukaelekea kwake. Gavana Walter Coutts alilipeleka suala hilo kwa Milton Obote, aliyekuwa Waziri Mkuu. Ilionekana vibaya kumshtaki mmoja wa maofisa wawili wa kwanza wa Kiafrika miezi michache kabla ya bendera kupandishwa. Amin akapewa karipio, akaendelea kupanda vyeo.

Upekuzi ulikuwa umefanya kazi yake: ushahidi wa tabia ulipatikana, ukawekwa mezani. Waliokuwa na mamlaka ya kuamua ndio waliousukuma pembeni kwa sababu za siasa. Miaka tisa baadaye, Januari 25, 1971, Amin alipindua serikali ya Obote.

Mbarara ililipa mapema. Katika kambi yake, iliyokuwa na batalioni ya Simba, askari wa Kilangi na Kiacholi waliuawa kwa wingi katikati ya mwaka 1971. Kosa lao lilikuwa kabila. Julai mwaka huo Wamarekani wawili, mwandishi wa habari Nicholas Stroh na mhadhiri wa Makerere Robert Siedle, walikwenda Mbarara kuuliza juu ya mauaji hayo, nao hawakurudi. Jaji David Jeffreys Jones, aliyeongoza tume ya uchunguzi, alihitimisha kwamba waliuawa na wanajeshi wa kambi hiyo. Wakati huo Amin alikuwa akijaza jeshi kwa watu wa ukoo na marafiki, wakiwamo wapiganaji kutoka Sudan ya kusini na Zaire. Barua ya kijiji ilikuwa imekufa. Aliyetaka cheo alihitaji kujulikana na mkubwa mmoja tu.

Watunga katiba wa 1995 waliyaishi haya. Walipoandika maneno “raia” na “tabia njema”, walikuwa wakizungumzia makaburi waliyoyajua. Yeyote anayetaka masharti yapunguzwe kwa huruma tu, aanze kwa kutembelea historia ya kambi ya Mbarara.

Uraia: somo la pili

Somo la pili lilianzia kwa wakimbizi wenyewe. Baada ya machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959, makumi ya maelfu ya Watutsi walivuka kuingia Uganda, na serikali ikawapa ardhi Ankole. Miongoni mwa watoto waliokulia katika kambi ya Nshungerezi walikuwa Emmanuel Gisa na Paul Kagame, wote waliozaliwa mwaka 1957. Gisa alisoma Mbarara High School. Kagame alipita Ntare School, shule maarufu ya Mbarara ambayo pia ilimsomesha Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda.

Gisa alichukua jina la Fred Rwigyema, akajiunga na kundi la Museveni la FRONASA katika miaka ya 1970, akapata mafunzo Msumbiji, akapigana katika vita vya kumwondoa Amin mwaka 1979. Februari 6, 1981, Museveni alipovamia kambi ya Kabamba kuanzisha vita vya msituni akiwa na wenzake wachache wenye bunduki ishirini na saba, Rwigyema na Kagame walikuwamo. Oktoba 1982 serikali ya Obote, aliyekuwa amerudi madarakani, na vijana wa chama chake wakawafukuza Wanyarwanda kutoka mashamba yao ya Ankole. Wengine walisukumwa hadi mpakani, wengine wakarudishwa kwenye makazi ya Nakivale na Oruchinga. Vijana wengi waliokuwa hawana pa kwenda walikwenda msituni Luwero kujiunga na Museveni. NRA, jeshi la Museveni, ilipoingia Kampala Januari 1986, inakadiriwa kuwa elfu tatu kati ya askari wake elfu kumi na nne walikuwa Wanyarwanda.

Kwa sharti la tabia, hawa walikuwa wamefaulu mtihani mgumu kuliko wowote unaoweza kutungwa na ofisi. Miaka mitano ya njaa na risasi iliwapekua. Rwigyema alifika cheo cha meja jenerali, akawa Naibu Kamanda wa Jeshi na Naibu Waziri wa Ulinzi. Kagame aliongoza katika ujasusi wa jeshi, ofisi ambayo kazi yake ni kuwachunguza wengine. Nchi iliwapa siri zake zote. Kitu kimoja haikuwapa kwa uhakika: uraia.

Julai 1986 Museveni alitangaza kwamba Wanyarwanda waliokaa nchini zaidi ya miaka kumi watahesabiwa kuwa raia. Manung'uniko yakazuka. Kwa nini mgeni aamuru jeshi letu? Kwa nini wapate ardhi? Ahadi ikapoa. Mwaka 1989 Rwigyema aliondolewa katika nyadhifa zake. Agosti 1990 mgogoro wa mashamba ya mifugo ya Mawogola ulifika bungeni, na mjadala ukageuka kuwa wa nani ni mwenyeji na nani ni wa kuja. Oktoba 1, 1990 maelfu ya wanajeshi wa Uganda wenye asili ya Rwanda waliacha vituo vyao, wakavuka mpaka wa Kagitumba kuingia Rwanda wakiwa na sare na silaha za jeshi la Uganda. Rwigyema aliuawa siku ya pili. Kagame wakati huo alikuwa Fort Leavenworth, Kansas, akisoma chuo cha maofisa cha Marekani kama mwanafunzi aliyetumwa na Uganda. Akarudi kuongoza vita.

Sababu za vita vile ni nyingi, na kubwa kuliko zote ilikuwa Rwanda yenyewe kuwakatalia watu wake kurudi. Lakini kwa jeshi la Uganda funzo ni dhahiri. Lilimpa mtu nyota kabla ya kumpa nchi. Lilipotakiwa kuchagua kati ya hizo mbili likasita, na maofisa wake bora wakatafuta nchi kwa mtutu. Kumpa mtu silaha na kuacha swali la uraia likining'inia ni hatari kwa usalama kuliko kumnyima vyote viwili, na ni hatari zaidi kuliko kumpa vyote viwili kwa utaratibu.

Mlango uliofungwa kwa maneno

Katiba ya 1995 ilijibu swali hilo kwa kufunga mlango. Ibara ya 10 inampa uraia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa Uganda ikiwa mzazi wake, au babu au bibi yake, anatoka katika jamii zilizokuwa ndani ya mipaka ya nchi kufikia Februari 1, 1926, na jamii hizo zimeorodheshwa katika Jedwali la Tatu. Ibara ya 12 inaruhusu kuandikishwa kwa aliyezaliwa nchini na kuishi humo tangu Oktoba 9, 1962, lakini inamtoa yule ambaye mzazi wake au babu yake alikuwa mkimbizi. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Nakivale mwaka 1965 na mjukuu wake aliyezaliwa humo mwaka 2015 wako mahali pamoja. Cheti cha kuzaliwa watakipata. Uraia hauji nacho.

Jedwali la Tatu limewataja Wanyarwanda, kwa kuwa wengi walikuwa ndani ya mipaka kabla ya 1926. Hata hivyo raia hao nao huingia katika kivuli cha shaka. Wengine wamelalamika hadharani kuzungushwa wanapoomba vitambulisho na pasipoti, kiasi kwamba baadhi yao, wakiongozwa na Frank Gashumba, wametaka jamii yao ibadilishiwe jina iitwe Abavandimwe, ili wasichanganywe na raia wa Rwanda. Mpekuzi asiyepewa kipimo kilicho wazi huangalia pua na kusikiliza lafudhi. Anayeumia ni raia halali, na jeshi linapoteza mtu wake.

Njia iliyobaki kwa mkimbizi ni tajnisi, yaani uraia wa kuomba. Sheria ya uraia inataka mwombaji awe amekaa Uganda jumla ya miaka ishirini, awe na tabia njema, ajue Kiingereza au lugha ya wenyeji, na awe na nia ya kuendelea kuishi nchini. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mkimbizi hawezi kupata uraia kwa kuandikishwa, ila anaweza kuomba tajnisi. Uamuzi huo ulikuwa wa matumaini makubwa. Lakini haki inayosomwa katika hukumu huhitaji dirisha, fomu, ada inayolipika na ofisa aliyeelekezwa kuipokea. Hayo ndiyo yanayosubiriwa Nakivale hadi leo.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Uganda imetii methali hiyo kuliko nchi nyingi duniani: Sheria ya Wakimbizi ya 2006 imewapa watu wa Nakivale haki ya kufanya kazi na kutembea, na wengi wamepewa vipande vya ardhi vya kulima. Jembe wamelishika kwa vizazi vitatu sasa. Anayelima miaka sitini hawezi kuendelea kuitwa mgeni wa siku ya tatu.

Ndugu walio ng'ambo

Kuna kijana mwingine wa Nakivale ambaye safari yake inatufundisha. Ni yule ambaye familia yake ilichukuliwa kwenda Marekani kwa mpango wa kuwapa wakimbizi makazi mapya, kama zilivyochukuliwa familia nyingi za Wakongomani kabla ya mpango huo kusimamishwa Januari 2025.

Marekani inamruhusu mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu kujiunga na jeshi kama askari. Kuwa ofisa ni jambo lingine. Sheria inataka awe raia, na jeshi linataka awe anastahili kibali cha siri za serikali, kwa sababu siri hizo ni za raia pekee. Atajaza fomu ndefu inayojulikana kwa jina la SF-86. Itamtaka ataje kila mahali alipoishi kwa miaka kumi, watu wanaoweza kuthibitisha, ajira, madeni, safari, makosa ya jinai, na ndugu zake wote walio nje pamoja na uraia wao.

Kwa aliyekulia Nakivale, kila mstari wa fomu hiyo ni mtihani. Anwani yake ilikuwa jina la kitongoji. Tarehe yake ya kuzaliwa huenda ni Januari 1, kama ya wakimbizi wengi ambao siku yao halisi haikujulikana wakati wa kuandikishwa. Mtoto wa marehemu kaka yake baba aliandikwa kuwa mtoto wa nyumba, kwa kuwa kwetu mtoto wa ndugu yako ni wako. Shangazi yuko Goma, mjomba Bujumbura, na bibi bado yuko Juru akingoja pesa za simu kila mwezi. Yote haya lazima yatajwe.

Vijana wengi hudhani ndugu walio ng'ambo ndio watakaowaangusha, wakashawishika kuwaficha. Hapo ndipo wanapoanguka. Mpekuzi hampimi mtu kwa kuwa na bibi Uganda. Anapima kama bibi huyo anaweza kutumiwa kumshinikiza mjukuu, kama kuna jeshi au kundi la waasi linaloweza kumtishia, kama pesa zinazotumwa ni za matumizi au zina siri. Ukweli wote ukiwekwa wazi, hatari inaweza kupimwa. Uongo ukigundulika, hata mdogo, humpeleka mwombaji kwenye swali la tabia, na swali hilo ni zito kuliko la ukoo. Ushauri kwa kijana aliye Texas au Kentucky ni mmoja: andika kama ilivyo, eleza kwa nini jalada la ukimbizi linasema tofauti, tafuta mtu wa kuthibitisha.

Sasa linganisheni. Aliyeondoka Nakivale akiwa na miaka kumi na sita anaweza kuomba uraia wa Marekani baada ya miaka mitano, na akimaliza chuo kikuu akasimama mbele ya upekuzi mkali kuliko wa DISO yeyote. Huenda akapita, huenda akashindwa, lakini atahukumiwa kwa rekodi yake. Mdogo wake aliyebaki Isingiro, aliyezaliwa katika ardhi ya Uganda, anayeijua Uganda tu, hafiki hata kwenye swali la pili. Nchi ya mbali ilimpa kaka njia ambayo nchi ya kuzaliwa haijampa mdogo.

Majirani wamefanya nini

Si kweli kwamba kuwafungulia watu kama hao njia ya uraia hakuwezekani Afrika Mashariki. Tanzania iliwapokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, ikawaweka Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mwaka 2007 ilitangaza kwamba wanaotaka wanaweza kuomba uraia. Maombi yakachunguzwa, watu takriban 162,000 wakakubaliwa, na mwaka 2014 wakaanza kukabidhiwa vyeti vyao. Haikuwa kazi rahisi wala ya haraka, na upekuzi ulifanyika. Lakini leo mtoto wa Katumba anaweza kusimama mbele ya bodi ya usaili akiwa na cheti cha uraia wa wazazi wake mkononi. Kenya nayo iliwatambua Wamakonde mwaka 2016 na Wapemba wa pwani mwaka 2023, jamii zilizokaa vizazi bila karatasi.

Uganda yenyewe inajua kuweka viwango. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2009 yaliyoruhusu uraia wa nchi mbili yalitaja nyadhifa ambazo mwenye uraia huo hawezi kushika, na amri ya kikosi cha ukubwa wa batalioni ni mojawapo. Mantiki hiyohiyo inaweza kutumika kwa mtu aliyepata uraia kwa tajnisi: aanze katika udaktari, uhandisi, ualimu au tafsiri jeshini, aaminiwe hatua kwa hatua, na milango ya siri kubwa ifunguke kwa utumishi uliothibitishwa.

Faida yake si ya kinadharia. UPDF imekuwa Somalia tangu Machi 2007, na tangu Novemba 30, 2021 iko mashariki mwa Kongo ikipigana na waasi wa ADF. Nakivale imejaa vijana waliozaliwa wakisikia Kisomali na lugha za Kivu. Ofisa anayemwelewa mama wa Beni au mzee wa Mogadishu bila mkalimani huokoa maisha ya askari wake na ya raia wa huko.

Wanaotafuta vijana bila kuuliza karatasi

Kuna upande mwingine unaonitia wasiwasi zaidi ya yote. Katika ukanda huu, kijana asiye na nchi hakosi mwajiri mwenye bunduki. Wapiganaji wa M23, kundi la waasi wa Kongo, walioshindwa Novemba 2013 walivukia Uganda, na wengi wao wakawekwa Bihanga, wilayani Ibanda, safari fupi kutoka Mbarara. Mwishoni mwa 2021 kundi hilo liliibuka tena. Makundi kama hayo hayadai kitambulisho cha taifa wala barua ya LC. Yanadai umri mdogo na kukata tamaa.

Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unakataza wakimbizi kushiriki hujuma dhidi ya nchi yoyote mwanachama, na unataka wakae mbali na mpaka kadiri inavyowezekana. Ni kanuni nzuri. Lakini katazo peke yake halimpi kijana sababu ya kubaki upande wa sheria. Sababu hiyo huja akijua kwamba miaka yake ya nidhamu inahesabiwa mahali fulani, kwamba cheti chake cha UCE na jina lake safi kwa mwenyekiti wa RWC vitamfikisha siku moja pahali.

Pasipokuwa na njia hiyo, huzuka vishawishi vingine. Kununua barua ya LC ya kijiji usichokaa. Kuazima ukoo wa jirani Mnyankole. Kijana anayefanya hivyo anadhani anatatua sharti la kwanza, kumbe anajiharibia la pili. Akigunduliwa akiwa kuruta, atafukuzwa na pengine kushtakiwa. Akigunduliwa akiwa ofisa, yule aliyemgundua kwanza anaweza kuwa adui, na siri hiyo ikawa kamba ya kumvutia. Wazazi na viongozi wa RWC wawaambie vijana ukweli huu bila kuwaonea haya.

Kinachotakiwa

Bodi ya Taifa ya Uraia na Uhamiaji iweke utaratibu ulio wazi wa tajnisi kwa wakimbizi waliotimiza miaka ishirini, na wale waliozaliwa makazini wahesabiwe miaka yao tangu kuzaliwa. Faili za Ofisi ya Waziri Mkuu na barua za RWC zikubaliwe kuwa ushahidi wa makazi na tabia. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi na nafasi ya kukata rufaa. Bunge liitazame upya Ibara ya 12, ambayo inamwadhibu mjukuu kwa mpaka aliouvuka babu yake.

Kisha upekuzi uendelee, tena uwe mkali. DISO aulize juu ya madeni, ndugu walio Masisi huko Kongo, marafiki, pombe, uongo wa shuleni. Kabamba iwakimbize na kuwapima. Wengi watashindwa, kama wanavyoshindwa vijana wengi wa Kampala na Gulu, na hakuna ubaya katika hilo. Amin alipita kwa sababu waliojua tabia yake waliipuuza. Rwigyema aliondoka kwa sababu tabia yake ilijulikana na kusifiwa, lakini nchi haikumaliza kumjibu kama ni raia wake. Jeshi lililojifunza kutoka kwa wote wawili litauliza maswali yote mawili kwa ukali uleule, na taifa linalolituma litahakikisha kwamba uraia nao ni jambo ambalo mtu anaweza kulifanyia kazi, kama anavyofanyia kazi mtihani wake na mbio zake.